Baba, hesabu karatasi kabla hujauza

Chumbageni, Tanga

Mwanangu,

Ule ujumbe wako wa sauti wa saa sita usiku nimeusikiliza mara tatu, mara ya tatu nikiwa na daftari mkononi. Unasema jamaa wa Dar es Salaam wametaja milioni 60 kwa kampuni yako ya alamu yote kama ilivyo: wateja, pikipiki mbili, stoo na jina. Kisha unaniuliza, "Mama, nichukue, au niitengeneze kwanza?" Ungeniuliza uso kwa uso ningekujibu neno moja, nawe ungenuna. Ndiyo maana nimekaa kuandika.

Usichukue, baba. Jipe mwaka na nusu.

Wewe unadhani wananunua pikipiki zako, ving'ora na ile stoo ya waya. Vitu hivyo vyote fundi yeyote wa Ngamiani anakutafutia kwa wiki moja. Wanachokitaka ni ile elfu 45 anayolipa kila mteja kila mwezi, hata mwezi ambao hakuna mwizi aliyepita. Huko Marekani, ambako kampuni hizi zinauzwa na kununuliwa kila siku, bei huanzia hapo hapo: wanachukua ada ya mwezi mmoja ya wateja wote na kuizidisha, mara thelathini hata zaidi kama wateja ni wa kutulia. Sikuambii Tanga utaipata hiyo. Nakuambia kipimo chao ndicho kipimo watakachokuja nacho hawa wa Dar, hata kama hawakukutajia.

Sasa tuhesabu. Kwa mdomo wako una wateja 140. Kwenye daftari ninalokuandikia mimi, wanaolipa ni 118. Nimepekua faili zote juzi, zile ulizozitia kwenye boksi la tambi, nikakuta waliotia saini mkataba ni 61. Wengine mlikubaliana kwa simu, wengine ni marafiki wa marehemu baba yako, mmoja mkataba wake una saini ya shamba boi. Wateja 118 kwa elfu 45 ni 5,310,000 kwa mwezi. Gawanya milioni 60 kwa hiyo: wanakupa ada ya miezi kumi na moja tu. Si wajinga. Wameshanusa kwamba nusu ya wateja wako hawajafungwa na kitu, kesho wanaweza kumwita mtu mwingine. Siku ukiwa na karatasi 118 zilizotiwa saini, ukapata hata mara ishirini, hiyo ni milioni 106 na ushei. Tofauti hiyo imelala kwenye boksi la tambi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuzunguka na mikataba. Nyumba kwa nyumba, Raskazone, Sahare, Usagara, hata kule Pongwe. Mwanasheria aiandike upya, na asisahau mambo mawili: kifungu kinachosema mkataba unaweza kuhamishiwa kampuni nyingine bila kumrudia mteja, na kifungu kinachosema vifaa ukutani ni vya nani. Mikataba yako ya zamani niliyoisoma haina hata kimoja. Mnunuzi akikuta hivyo, itabidi awaombe wateja mmoja mmoja, na hapo ndipo wengine hukumbuka kwamba walikuwa wanataka kuacha.

Pili, wanaoondoka. Mwaka jana ulianza na wateja 121, wakatoka 18, wakaingia 15. Kumi na wanane katika 121 ni kama 15 kwa kila mia. Mnunuzi atauliza hilo kabla ya kuuliza mapato, na wewe utajibu "wamehama mji." Hawakuhama, baba. Niliwapigia simu kumi. Sita walisema neno moja: kelele.

Unamkumbuka yule mama wa Raskazone mwenye ukumbi unaotazama bahari? Nilimwendea mwenyewe, akanipa chai, akanionyesha kihisi chenu juu ya mlango, kile kidude kinachoshtuka kitu kikipita mbele yake. Mjusi kafiri alikuwa ametulia juu ya kioo chake kama aliyepangishwa. Kila akijikuna, king'ora kinalia, walinzi wanakuja mbio, jirani anafungua dirisha na kutukana. Mara ya tano mama yule akachomoa waya. Halafu akanifungulia boksi la mitambo pale koridoni: vichwa vya waya vimeota kutu ya kijani kwa chumvi ya bahari, na betri imevimba tumbo. Juu yake fundi wako kaandika kwa kalamu nene tarehe ya kufunga: 2017. Betri ile ya volti 12 huishi miaka mitatu, mitano ikijitahidi. Umeme ukikatika nyumba yake ilikuwa haina alamu, naye alikuwa akikulipa kila mwezi. Nilitahayari mno, sikumaliza hata chai.

Kabla ya mwaka kwisha, kila boksi lifunguliwe, betri zibadilishwe, vihisi vya pwani vihamishwe mahali mijusi haipendi, na kila ziara iandikwe. Litakula fedha, najua, na utaniambia faida itashuka mwaka huu. Ishuke. Wakipungua wanaotoka, bei inapanda kuliko ulichotumia.

Ile kazi ya ghala karibu na bandari, uliyoisherehekea kwa kuku wawili, usiihesabu sana. Fedha ya kufunga mitambo huingia mara moja ikaisha. Mnunuzi ataitazama kama sisi tunavyomtazama mgeni: waja leo waondoka leo. Uendelee kuzitafuta kazi hizo, maana ndizo zinazoleta ada za mwezi, lakini kwenye vitabu ziandikwe mbali na ada. Mpaka leo unazichanganya na kunilazimisha kukisia.

Jambo la tatu linaniuma zaidi kwa kuwa nakujua. Kampuni ile ni wewe. King'ora kikilia Sahare, mteja hapigi ofisini, anapiga simu yako. Msimbo wa fundi, yaani namba ya siri ya kufungulia mitambo, ni mmoja kwa nyumba zote, nao uko kichwani mwako na kichwani mwa fundi wako mkubwa. Huyo kijana akinuna kesho akafungua duka lake, anaondoka na wateja bila kubeba hata bisibisi. Mpe mkataba wa kazi wa kueleweka, mwekee fungu lake siku ya kuuza, na misimbo ibadilishwe kila nyumba na yake. Kisha nenda Lushoto kwa shangazi yako wiki mbili, simu uizime kabisa. Ukirudi ukute wateja wamelipa, wamehudumiwa na hakuna aliyekutafuta, hapo una kitu cha kuuza. Ukikuta simu 90 zisizopokelewa, unacho kibarua tu, na kibarua hakiuziki.

Makaratasi ya serikali nitayapita haraka kwa kuwa mengi niko nayo mimi. Risiti za EFD, ile mashine ya kodi, zilingane na benki. Taarifa za mwaka za BRELA, wale wanaosajili kampuni, zipelekwe zote, zile mbili ulizoziruka pia. NSSF, mfuko wa pensheni wa wafanyakazi, ni asilimia 20 ya mshahara, na kwa vijana wawili wa doria hujapeleka tangu Machi; mnunuzi akichukua hisa za kampuni anachukua na madeni yake, kwa hiyo atayakata kwenye bei, na atayakata kwa mkono mzito. Akitaka wateja tu bila kampuni, hesabu ni nyingine na kodi yake ni nyingine. Kaa na mshauri wa kodi kabla ya kukubali namna yoyote, si baada.

Na daftari la wateja! Hawa jamaa wameshakuomba "orodha kamili, waione." Usithubutu. Orodha ile ina majina, namba za simu, milango, misimbo, nani anasafiri Ramadhani na nani mfanyakazi wake hulala nje. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi, lakini hata isingekuwapo, hiyo ni nyumba ya mtu. Wape namba: mteja wa 1, mtaa fulani, ameanza lini, analipa kiasi gani, amewahi kuchelewa mara ngapi. Majina wayaone siku fedha imefika, na kabla ya hata hizo namba watie saini karatasi ya kutunza siri. Wakikataa, hao walikuwa wanataka orodha, si kampuni.

Usidhani pia kwamba ukingoja watakimbia. Hawaji Tanga kwa kupenda mkate wa kumimina. Bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima linaishia Chongoleani, bandari imepanuliwa, nyumba za kupangisha wageni zinaota kila kona, na kila moja inataka king'ora. Mwakani watakuja hao au watakuja wengine.

Liko moja sikuwahi kukuambia vizuri. Baba yako alipouza karakana yake ya majokofu pale Ngamiani, alipewa nusu mkononi, na nusu iliyobaki ikawa "tutamalizana, sisi ni watu." Zikaja awamu mbili. Ya tatu tuliambiwa wateja wamekimbia, kwa hiyo bei imeshuka yenyewe. Hakukuwa na karatasi inayosema mteja gani akikimbia ni kosa la nani. Nilimwona akipita mbele ya karakana ile kwa baiskeli, hageuzi shingo.

Wewe nawe watakuambia wanashikilia sehemu ya fedha kwa mwaka mmoja waone wateja wangapi watabaki. Hilo ni la kawaida katika biashara hii, usiligombee. Gombea yaliyomo ndani yake: fedha hiyo ikae benki mahali ambapo hawaigusi peke yao, mteja akifa au akihama asihesabiwe juu yako, na wao wakipandisha ada kutoka elfu 45 hadi 70 wateja wakatoka, hasara iwe yao. Yaandikwe. Mwanasheria awe wako, si yule "wa pande zote mbili" watakayekuletea.

Wajibu hao jamaa kwa adabu kwamba umesikia na utawatafuta. Usitaje bei yako, na usiwaambie mama kasema nini.

Jumamosi uje na ufunguo wa kabati la ofisini. Mikataba 61 nimeshaipanga kwa mitaa, iko juu ya friji ndani ya mfuko wa Eid. Tutaanza na Raskazone, na yule mama tutampelekea betri mpya kwanza, bure, halafu ndipo tumuulize kama anataka kurudi.

Mama yako