Visanduku 14, na bado kontena halionekani

SWALI: Assalaam alaykum. Nimeunda programu ya rekodi za mizigo kwa wakala mmoja wa forodha hapa Mombasa, kwa hifadhidata ya PostgreSQL. Ukurasa wa kutafutia una visanduku 14, kila safu ya jedwali na chake. Makarani walalamika hawapati kitu, na wengine wamerudia daftari. Niongeze nini? – Msomaji, Makupa

JIBU: Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Usiongeze, punguza. Visanduku umevipanga kwa kufuata jedwali, ilhali karani hutafuta kwa kile alichonacho mkononi simu inapolia. Kaa naye asubuhi moja usikilize wateja: mara nyingi ni nambari ya kontena, jina la mwenye mzigo, au "ule wa wiki jana".

Kontena ndilo jepesi, maana muundo wa nambari unajulikana: herufi 4, tarakimu 6, kisha 1 ya kuhakiki, kama CSQU 305438 3. Kisanduku kimoja chatosha. Programu ikiona muundo huo, yenyewe ijue pa kutafuta. Ila huyu ataacha nafasi, yule ataweka kistari, mwingine ataandika kwa herufi ndogo. Weka safu ya ziada yenye nambari iliyosafishwa, na anachoandika karani kisafishwe vivyo hivyo. Tarakimu ya kuhakiki isipolingana, mwambie "nambari imekosewa", si "hakuna rekodi". Hilo la pili litamfanya amjibu mteja kwamba mzigo haujaingia, na hapo ugomvi umeanza.

Wateja wengine hukumbuka tarakimu za mwisho tu. LIKE '%4383', yaani amri ya kutafuta kinachoishia na 4383, haifaidiki na indeksi ya kawaida (orodha inayoharakisha utafutaji), kwa kuwa indeksi hiyo imepangwa kuanzia herufi ya kwanza. Hifadhi nambari ikiwa imegeuzwa nyuma mbele, uitafute kuanzia mwanzo.

Majina ndiyo kazi. Soundex, mbinu ya kulinganisha majina kwa matamshi, achana nayo: ilitengenezwa kwa majina ya Kiingereza na hubakiza herufi ya kwanza, kwa hiyo kwake Othman na Uthman ni watu wawili. Washa pg_trgm, kiongezi cha PostgreSQL kinacholinganisha vipande vya herufi tatu tatu. Majina hayo mawili hupata alama 0.4 za kufanana, na kiwango chake cha kawaida cha kukubali ni 0.3, kwa hiyo yatakutana. Athumani hatakutana nao, wala Mohd na Muhammad. Hao watengenezee jedwali dogo la majina yanayolandana, na karani mkongwe wa hapo atakujazia kabla ya chai ya saa nne.

Tarehe zisikusumbue: "kuanzia" na "hadi", basi.

Halafu kagua jambo moja ambalo huenda ndilo limewarudisha kwenye daftari. Je, ukurasa unakumbuka kichujio cha jana? Karani aliyechagua "mizigo iliyotoka" jana jioni, leo akitafuta kontena ambalo bado liko bandarini, hataliona ng'o. Vichujio vilivyowashwa vionyeshe juu ya matokeo, pamoja na kitufe cha kuvifuta vyote.