Mabaroni walimuasi Mfalme John? Uasi, maasi na mapinduzi

SWALI: Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari mkoani Morogoro. Ninaandaa kwa Kiswahili maelezo mafupi kuhusu watu wa Uingereza waliowainukia wafalme wao, kuanzia Mfalme John hadi James wa Pili. Mwenzangu ofisini anasema yote niyaite mapinduzi. Mimi nimeandika "uasi dhidi ya mfalme", mahali pengine "maasi", na sasa sijui kama ni neno moja au mawili. Tena, ni mwasi au muasi? Na Charles wa Kwanza, niseme alinyongwa?

JIBU: Mwalimu, huyo mwenzako ukimwachia kalamu atakupindulia karne tano zote. Lakini hata "uasi dhidi ya mfalme" yako ina kasoro, na naanza nayo kwa sababu humo ndimo lilimo jibu la mengine.

Kitenzi -asi hakihitaji msaada wa "dhidi ya". Kinamshika mtendwa wake moja kwa moja: mtoto humuasi mzazi, askari humuasi mkubwa wake, mja humuasi Mola. Katika Isaya, Mungu analalamika kwamba aliwalea watoto "nao wameniasi". Hakuhitaji kusema "wameasi dhidi yangu". "Dhidi ya" ni ya wawili wanaokabiliana, kama Simba dhidi ya Yanga. Kuasi ni kutoka katika utii, na anayetoka lazima awe alikuwamo. Ndiyo maana mifano yote hapo juu inapanda kutoka chini. Jirani hamuasi jirani, na baba hamuasi mwanawe hata akimfukuza nyumbani. Pasipo deni la utii hapana uasi. Kwa hiyo andika "walimuasi mfalme", au "waliuasi ufalme" kama waliukataa ufalme wenyewe. Hayo ni mambo mawili tofauti, kama utakavyoona.

Ukiishika hiyo, tazama inavyokusumbua tangu ukurasa wa kwanza. Mei 1215, kabla ya kuingia London kwa silaha, mabaroni (mabwana wakubwa wenye ardhi) wa Mfalme John walitangaza rasmi kwamba wameondoa kiapo chao cha utii kwake. Kwa desturi ya wakati wao lilikuwa tendo lenye jina na utaratibu wake: unarudisha kiapo kwanza, kisha unachukua upanga. Kwa macho yao, basi, hawakumuasi mtu. Walikuwa wamekwisha kulipa deni na kufunga daftari. Kwa macho ya John walikuwa waasi watupu. Juni 15 walikutana naye uwanjani Runnymede akaridhia Hati Kuu (Magna Carta), yenye kifungu cha 61 kilichowaruhusu mabaroni 25 kuzishika ngome na mali zake akivunja ahadi. Agosti hiyohiyo Papa Innocent wa Tatu akaifuta. Ningekuwa wewe ningeandika "mabaroni walijivua utii kwa John", kisha niseme kwamba mfalme aliwaita waasi.

Sasa, uasi na maasi. Wengi hudhani maasi ni wingi wa uasi, kama uovu na maovu. Sarufi yetu inaruhusu kuyaona hivyo, lakini mimi naona maasi lilikuja zima kutoka Kiarabu, na ma- yake ikiwa tayari mdomoni, kwani huko ma'asi ni wingi wa ma'siya, yaani kumkosea Mungu. Nenda msikitini Ijumaa usikie khatibu akiwaasa watu waache maasi. Hazungumzii kambi ya jeshi. Katika historia tumeligawa hivi: uasi ni hali au tabia ya kutotii, nao huchukua u- (uasi ulienea), maasi ni tukio, lina siku yake na mahali pake, nayo huchukua ya- (maasi yalizuka, maasi yakazimwa). Kwa hiyo "mwaka 1381 maasi yalizuka Essex na Kent" ni nzuri kuliko "uasi ulizuka", ingawa hii ya pili si kosa.

Harufu hiyo ya dhambi ndani ya neno usiihofu, maana inaisaidia mada yako. Watawala wa Uingereza wenyewe walitaka iwe hivyo. Mabwana wa kaskazini walipomwinukia Elizabeth wa Kwanza mwaka 1569 wakashindwa, Kanisa la Uingereza lilitunga hotuba ndefu ya kusomewa waumini, ikieleza kwamba kumuasi mtawala ni kumuasi Mungu, na kwamba mwasi wa kwanza kabisa alikuwa Shetani. Hotuba hiyo ukiitia katika Kiswahili, kitenzi kimoja -asi kinambeba mfalme na Mungu pamoja bila kulazimishwa.

Mwasi au muasi? M- ikikutana na a huwa mw-: mwana, mwalimu, mwashi. Andika mwasi. Muasi utalikuta magazetini kwa sababu mwandishi anataka -asi isikike nzima. Mwanafunzi akiliandika usimkate maksi.

Turudi 1381, kwa kuwa hapo ndipo "dhidi ya mfalme" inapokuwa kosa la historia na si la lugha tu. Chanzo kilikuwa kodi ya kichwa (neno hili wazee wetu waliliacha likiwa na machungu yake, litumie). Ya kwanza, mwaka 1377, ilikuwa peni nne kwa mtu; ya tatu ilifika wastani wa shilingi moja, yaani mara tatu, kwa kila aliyepita miaka 15. Watu wa Kent na Essex wakaingia London Juni 13, Wat Tyler akiwa mbele, na kesho yake wakamkata kichwa Simon Sudbury, Askofu Mkuu wa Canterbury, ambaye pia alikuwa Chansela wa mfalme. Lakini neno lao la siri la kutambuana lilikuwa kwamba wako upande wa Mfalme Richard na watu wa kawaida. Richard alikuwa kijana wa miaka 14, nao waliamini anapotoshwa na washauri. Basi walimuasi nani? Waliwaasi mabwana zao na wakusanya kodi. Andika "maasi ya mwaka 1381" bila kumtia mfalme, na usiseme tu "ya wakulima", kwa kuwa mafundi na watu wa mjini walikuwamo. Juni 15, Tyler alipigwa upanga na Meya wa London mbele ya huyohuyo mfalme aliyemwamini.

Waliokwenda mbali zaidi katika kulikwepa neno ni watu wa kaskazini wa mwaka 1536, Henry wa Nane alipokuwa anafunga nyumba za watawa. Kiongozi wao, wakili Robert Aske, aliita mwendo wao hija. Walivaa beji ya Madonda Matano ya Kristo na kuapishana kiapo ambacho ndani yake mlikuwa na uaminifu kwa mfalme. Kwa Kiingereza ni Pilgrimage of Grace, na tafsiri yake ni Hija ya Neema, na usisite kuliandika hija. Wakatoliki wetu huenda hija Namugongo kila Juni bila kuomba ruhusa ya kamusi. Henry hakudanganyika na jina, na Aske alinyongwa York mwaka 1537. Hapo kunyongwa ni sawasawa.

Charles wa Kwanza hakunyongwa. Tumezoea kutumia kunyongwa kwa kila aliyeuawa na serikali, lakini kunyonga ni kukaba shingo, kwa kamba au kwa mikono. Charles alikatwa kichwa, Januari 30, 1649, nje ya ukumbi wa Banqueting House, Whitehall. Aliomba avae mashati mawili ili asitetemeke kwa baridi, watu wasije wakadhani ni woga. Aliyenyongwa ni mshindi wake, Oliver Cromwell, kamanda wa jeshi la Bunge lililopigana naye, tena akiwa maiti: walimfukua kaburini wakamtundika Tyburn, mahali pa kunyongea watu London, siku ya Januari 30, 1661. Kama kitenzi kunyonga kinaweza kumtenda mtu asiye na pumzi ni swali ambalo sitalijibu leo.

Kesi ya Charles ndiyo itakayokupeleka kwenye mapinduzi, kwa njia ya neno jingine, uhaini. Kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1351, mhaini ni anayempiga vita mfalme. Mwaka 1649 mahakama iliyoundwa na Bunge ilimhukumu mfalme mwenyewe kuwa dhalimu, mhaini, muuaji na adui wa umma, na watu 59 wakatia sahihi hati ya kifo. Uhaini ulikuwa umegeuka juu chini. Hii ndiyo maana kamili ya kupindua. Ngalawa ikipinduka, aliyekuwa juu yuko majini na tumbo la chombo linatazama mbingu. Kutoka -pindua tunapata mapinduzi kama -chagua inavyozaa uchaguzi na -nunua ununuzi. Machi 1649 ufalme ulifutwa kwa sheria, na Baraza la Mabwana pia. Hapo "waliuasi ufalme" ni kweli, na "mapinduzi" ni kweli, hata kama mwaka 1660 chombo kiligeuzwa tena na Charles wa Pili akakaa kwenye kiti cha baba yake. Ile miaka ya mfalme na Bunge kupigana, kuanzia 1642, iache iwe vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Januari 1964 inatufundisha mpaka wa maasi na mapinduzi vizuri kuliko kamusi. Tarehe 12 Zanzibar tukasema mapinduzi. Tarehe 20 askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliwakamata maofisa wao Waingereza, nasi tukasema maasi. Hakuna aliyetangaza kanuni. Huku kilichokuwa juu kilishuka, kule askari walikataa amri na serikali ikabaki. Kinachonikera ni kwamba neno mapinduzi tumelibebesha pia jenerali anayemwondoa rais usiku na asubuhi kukalia kiti kilekile. Ongeza "ya kijeshi" ukiwa na huyo.

Na mwaka 1688? Waingereza wenyewe wanauita mapinduzi, tena matukufu, na Kiswahili kimefuata: Mapinduzi Matukufu. Jina liache, lakini usiliamini. Neno lao la wakati huo lilitokana na mzunguko wa gurudumu, na wengi walilisikia kama kurudisha mambo mahali pake. Letu halina mzunguko. Lina kupinduka tu. William wa Orange alitia nanga Torbay Novemba 5 akiwa na merikebu zaidi ya 400 na jeshi kutoka Uholanzi, kwa barua ya mwaliko ya watu saba. Hayo kwa Kiswahili cha kawaida ni uvamizi wenye wenyeji wake. Kitu kimoja Kiswahili kinakisema vizuri kuliko Kiingereza: William alikuwa mtoto wa dada yake Mfalme James wa Pili, na amemwoa binti yake. Mpwa, tena mkwe, amemng'oa mjomba. Andika hivyo, darasa zima litaguna.

James alitupa Muhuri Mkuu wa serikali katika mto Thames akakimbia; wavuvi wakamkamata, akarudishwa, akatoroka tena hadi Ufaransa. Mwanzoni mwa 1689 Bunge la London likatamka kwamba mfalme amejiuzulu na kiti ki wazi. Lile la Edinburgh, yaani la Scotland, likatamka kwamba amepoteza haki ya taji. Yeye hakusaini popote. Kwa hiyo usiandike alijiuzulu, na kung'atuka, ambalo Mwalimu Nyerere alilitoa kwenye Kizanaki chake kwa mtu anayeondoka kwa hiari, usilisogeze karibu kabisa. Andika: "James alikimbia, na Bunge likamhesabu amejiuzulu."