Fensi ya Msumeno wa Meza Ikikataa Kubana, Usikimbilie Kuuza Mashine

Wiki iliyopita msomaji aliniandikia kwamba fensi ya msumeno wake wa meza, ule upau unaoongoza ubao unapopita kwenye bledi, inahama akiwa katikati ya kupasua, spea yake haitengenezwi tena, na sasa anataka kuiuza mashine nzima. Ndugu yangu, usiuze. Hapo ulipo nimepita, na mimi niliumia.

Nilikuwa napasua fremu za milango ya kabati, vipande 12 vya upana wa milimita 60. Nilipovipanga mezani nikaona mwanga unapenya katikati yake. Mwanzo 60, mwisho 63. Kingo zilikuwa na madoa meusi ya kuungua. Fundi mwenzangu, mtu niliyemheshimu sana, akavitazama, akasema mbele ya vijana ninaowafundisha kwamba mkono wangu umechoka. Neno lile halijanitoka mpaka leo.

Mkono haukuwa na kosa. Kile kiplastiki kinachobana fensi kwenye reli ya mbele kilikuwa kimelika upande mmoja. Nikibana, mkia wa fensi, yaani ncha yake ya nyuma, unaelekea kwenye bledi, ndiyo maana mbao ziliungua. Nikiegemeza ubao, fensi inaachia na kusogea nje. Nilikuja kukiona kipande cha 13 kimerushwa nyuma kikagonga ukuta, pale pale nilipokuwa nimesimama muda mfupi kabla. Mkia unaoelekea kwenye bledi hubana ubao kwenye meno ya nyuma, na meno hayo yanapanda juu kumfuata mpasuaji. Usilichukulie jambo hili kama usumbufu mdogo.

Nikachomoa waya wa umeme, nikatengeneza kibanio changu: kiduara cha plaiwudi ngumu chenye kipenyo cha milimita 40, tundu la bolti likiwa pembeni kidogo ya kitovu, ili kikizungushwa kikandamize reli. Nilichagua plaiwudi kwa sababu ubao wa kawaida hupasuka kufuata nyuzi zake. Cha kwanza nilitoboa milimita 6 kutoka kwenye kitovu. Kilibana haraka, nikafurahi, mashine ikawaka, mtikisiko ukakifungua taratibu mbele ya macho yangu. Cha pili nikatoboa milimita 2.5 tu. Mkono wa kukizungushia unasafiri zaidi, lakini kikishabana hakirudi. Kati yake na reli nikaweka kipande cha mkanda wa ngozi uliochakaa. Chini ya mkia nikafunga kipande cha ubao wa plastiki wa kukatia mboga, uteleze juu ya meza bila kukwaruza.

Kazi iliyonila jioni nzima ni kunyoosha. Kwanza hakikisha bledi yenyewe iko sambamba na mfereji wa meza, ule uliochimbwa juu ya meza kando ya bledi: tia alama jino moja, lipime kutoka kwenye mfereji likiwa mbele, zungusha bledi kwa mkono, lipime jino lile lile likiwa nyuma. Baada ya hapo legeza bolti za kichwa cha fensi, sehemu inayokaa kwenye reli ya mbele, inyooshe kufuata mfereji huo huo, kaza. Mimi huacha mkia uwe mbali zaidi na bledi kuliko mbele, kwa unene wa karatasi moja, kama milimita 0.1, usielekee ndani kamwe. Bana, achia, bana tena mara kumi, kila mara upime. Ikikupa namba tofauti, rudi kwenye kibanio.

Na mafundi wenzangu, tuache kumwambia mtu kazi yake imekwisha kabla hatujainama kuiangalia mashine. Kijana anayesikia maneno hayo kila siku ataona aibu kusema fensi yake inacheza, naye ataendelea kupasua hivyo hivyo hadi ubao umrudie tumboni.

Msomaji wangu, kata kibanio chako wikiendi hii. Ukijaribu, tumia kipande kisicho na kazi, shika kijiti cha kusukumia, na usisimame nyuma ya ubao. Kisha niandikie vipimo viwili: cha mwanzo na cha mwisho.