"Haikubali maneno yote" au "haikubali neno lolote"?

Swali: Ninasoma kompyuta hapa Dodoma. Katika zoezi la otomata, zile mashine za kufikirika zenye hali chache na mishale yenye herufi, zinazokubali neno (mfuatano wa herufi) mishale yake ikiishia kwenye hali ya kukubali, niliandika: "Mashine hii haikubali maneno yote." Nilimaanisha halipo hata moja inalolikubali. Mwenzangu anasema sivyo nilivyoandika. Na je, lugha yake, yaani mkusanyiko wa maneno inayoyakubali, niiite "lugha tupu"?

Jibu: Mwenzako ana hoja. Ukirudi kutoka soko la Majengo ukasema "sikununua zabibu zote", nyumbani watajua umenunua kiasi. Ukisema "sikununua zabibu yoyote", watajua umerudi mikono mitupu. Kikanushi kikikutana na -ote, maana huyumba. Kikikutana na -o -ote, hufunga mlango. Andika basi: "haikubali neno lolote", au "hata neno moja".

Katika somo lako tofauti hii ni kubwa, kwa kuwa hata uthibitisho wake ni tofauti. Kuonyesha kwamba mashine haikubali yote, neno moja lililokataliwa linatosha. Kuonyesha kwamba haikubali lolote, huwezi kujaribu neno moja moja, maana hayaishi. Unaanza kwenye hali ya mwanzo, unatia alama kila hali ambayo mshale unaifikia, kisha zinazofikiwa kutoka hizo, hadi isipatikane mpya. Kama hakuna hali ya kukubali iliyopata alama, basi mashine haikubali neno lolote. Kuwepo kwake kwenye mchoro hakusaidii: Kondoa ingekuwepo kwenye ramani hata kama barabara ya kutoka Dodoma ingekatika. Wanahisabati Michael Rabin na Dana Scott walionyesha mwaka 1959 kwamba mashine yenye hali n, ikiwa inakubali chochote, inakubali neno lenye herufi pungufu ya n. Njia inayorudia hali ina mzunguko, na mzunguko unakatika bila kupoteza mwisho wa safari.

Kuhusu "tupu", mimi ningeiepuka. Kikapu kitupu hakina kitu, lakini kikapu cha zabibu tupu kimejaa zabibu bila mchanganyiko. Ndiyo maana "lugha tupu" humfanya msomaji asite: haina kitu, au ni lugha na si kingine? "Lugha isiyo na neno lolote" ni ndefu, ila haimchanganyi mtu. Tena itakulinda na kosa la pili, kuichanganya na "neno tupu", yaani neno lisilo na herufi. Hali ya mwanzo ikiwa ndiyo ya kukubali, neno hilo linakubaliwa, na lugha hiyo tayari ina neno moja.