Mwanangu anataka kuacha shule awe kama Chalamet

SWALI: Mwanangu ana miaka 15, yuko kidato cha 3. Tangu aione filamu ya Dune ananiambia Timothée Chalamet alianza kuigiza akiwa mdogo, basi na yeye aache shule aende Dar es Salaam kutafuta nafasi. Nimjibu nini? – Mzazi, Kikuyu, Dodoma

JIBU: Mzazi mwenzetu, kijana ameshika nusu ya habari. Ni kweli Chalamet, mzaliwa wa New York wa mwaka 1995, alionekana kwenye tamthilia ya Homeland mwaka 2012 akiwa na miaka 16. Ila wakati huo alikuwa anasoma LaGuardia, sekondari ya serikali inayofundisha sanaa. Aliimaliza, kisha akaingia chuo kikuu. Mwaka 2014 akapata sehemu ndogo katika Interstellar, na bado watu hawakumjua. Aling'ara na Call Me by Your Name ya 2017, iliyompa uteuzi wa Oscar akiwa na miaka 22. Dune ilikuja 2021.

Mwambie pia kwamba Marekani kwenyewe kazi haimwondoi mtoto darasani. Kwa sheria ya California, mwenye miaka 9 hadi 15 hukaa eneo la kazi saa 9 tu siku ya shule: 5 za kuigiza, 3 za masomo na mwalimu, 1 ya kupumzika. Asilimia 15 ya malipo yake huwekwa kwenye akaunti asiyoigusa hadi atimize miaka 18. Kinga hiyo tunatamani sana watoto wetu nao waipate.

Hapa kwetu, TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, humtaka mwombaji awe na cheti cha kidato cha 4. Akiacha sasa, anajifungia mlango huo kwa mkono wake.

Wakati wa likizo ajizoeze kurekodi video ya usaili, yaani ajirekodi akiigiza kipande kifupi cha kuwaonyesha wanaochagua waigizaji. Simu ilazwe kwa upana, kwenye stendi au juu ya rundo la vitabu, kamera ilingane na macho. Aonekane kuanzia kifuani, nyuma yake ukuta mtupu. Dirisha liwe mbele yake. Likiwa nyuma, uso unakuwa mweusi. Anayemsomea majibu ya mhusika mwenzake asimame kando ya simu na ashushe sauti, maana aliye karibu na simu husikika kuliko mwigizaji. Upepo nao huharibu video: ukivuma kwenye maikrofoni, maneno hayasikiki. Arekodi ndani, asubuhi, chumba chenye godoro na mapazia ili sauti isirudi. Dakika 1 au 2 zinatosha.

Na mtu akidai pesa kabla ya kumpa nafasi, msimlipe. Marekani, wakala anayemtafutia mwigizaji kazi huchukua asilimia 10 ya malipo, tena baada ya mwigizaji kulipwa.