Kliniki ya mbwa na paka ikianza kujaa, anza kusimamia friji na daftari

Mijini kwetu kazi ya mbwa na paka imebadilika haraka kuliko kliniki zenyewe. Zamani mbwa aliletwa mara moja kwa mwaka, achomwe chanjo ya kichaa, apewe dawa ya minyoo, arudi kulinda geti. Siku hizi Dar es Salaam, Arusha, Nairobi na Mombasa mbwa analala ndani, paka anaishi ghorofa ya nne, na mwenye mnyama anafika akiwa ameshasoma kwenye simu, ana picha ya kinyesi cha jana, na anataka kujua vipimo vya damu vinasemaje kabla hajakubali dawa. Wahudumu ni walewale: daktari mmoja au wawili, wasaidizi wawili watatu, na kijana wa mapokezi ambaye pia ndiye anayeosha vizimba.

Wamiliki wengi wakiona foleni inarefuka huwaza mashine ya ultrasaundi, rangi mpya ukutani na ukurasa wa Instagram. Hivyo vina wakati wake. Ushauri wetu ni kuanza na mambo madogo yanayorudiwa kila siku, kwa sababu huko ndiko wanyama wanakofia na ndiko wafanyakazi wazuri wanakokata tamaa wakaondoka.

Friji ya chanjo

Chanjo za mbwa na paka hutunzwa kati ya nyuzi joto 2 na 8. Kila mtu kazini anajua hilo, na bado friji ndiyo inayoharibu chanjo nyingi kimyakimya. Tatizo kubwa la mjini kwa kawaida ni kuganda. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni ya virusi vilivyouawa, na nyingi zina kiambata kinachoongeza nguvu ya kinga. Ikiganda, kiambata kile kinavunjika, na hata ikiyeyuka ukaitikisa vizuri hairudi ilivyokuwa. Chupa itaonekana nzima, mbwa atachomwa, kadi itagongwa muhuri, na mbwa hana kinga.

Nunua kipimajoto kinachokumbuka kiwango cha juu na cha chini, kisha kihisi chake kiwekwe katikati ya chanjo. Kisomwe asubuhi mnapofungua na jioni mnapofunga: joto la sasa, la juu kabisa, la chini kabisa. Baada ya kusoma, kifutwe kianze upya. Chanjo zisikae mlangoni, kwa kuwa hapo joto hupanda kila mlango unapofunguliwa, wala zisigusane na ukuta wa nyuma ambako barafu hujenga. Nafasi tupu zijazwe chupa za maji, kwani zinashikilia ubaridi umeme unapokatika. Chakula cha mchana cha wafanyakazi kitafutiwe friji nyingine. Umeme ukikatika, mlango usifunguliwe kabisa, na aandikwe mtu mmoja, kwa jina, wa kuamua lini chanjo zihamishiwe kwenye kisanduku cha baridi. Humo pia, vipande vya barafu visigusane moja kwa moja na chupa. Weka kadibodi au taulo katikati.

Sasa angalia ile karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa friji. Ukikuta 5, 5, 5, 5, 5 mwezi mzima, asubuhi na jioni, kwa kalamu ileile, ujue hakuna anayesoma kipimajoto. Friji halisi hupanda na kushuka: 4, 6, 3, 7. Karatasi ya namna hiyo huwa inasema habari za bosi kuliko za msaidizi. Mara nyingi kuna siku msaidizi aliandika 0, akafokewa mbele ya wateja kana kwamba yeye ndiye aliyeigandisha, na tangu hapo anaandika namba inayompa amani. Anayeripoti joto baya ashukuriwe palepale, kabla ya swali lolote. Halafu chanjo zitengwe, ziandikwe "ZISITUMIKE", apigiwe simu aliyewauzia mueleze joto lilifika ngapi na kwa muda gani. Hasara ya trei moja inauma. Mbwa mmoja aliyedhaniwa amechanjwa, akaja kumng'ata mtoto, ni msiba.

Uzito kabla ya bomba

Makosa ya dozi hayatokani sana na ujinga. Yanatokana na haraka, na haraka ndiyo zao la foleni. Chukua ivermectin ya asilimia 1, dawa ya ng'ombe ambayo imezoeleka kutumika hata kwa mbwa. Ina miligramu 10 katika kila mililita. Mbwa wa kilo 10 aliyepangiwa miligramu 0.2 kwa kilo anahitaji miligramu 2 tu, yaani mililita 0.2. Msaidizi akishika bomba la sindano la mililita 5, ile 0.2 haipiti mstari mdogo wa kwanza, na mtu aliyechoka anavuta 2. Hiyo ni mara kumi. Tena mbwa wa jamii ya Collie, na wengine wenye damu yake, ubongo wao haujikingi vizuri na dawa hii. Wanaweza kupofuka kwa muda, kutetemeka, kuzimia, hata kufa.

Kwa hiyo: hakuna dawa inayovutwa kabla mnyama hajapanda kwenye mizani, na uzito unaandikwa kwa kilo juu ya faili siku hiyohiyo. Dozi ndogo kuliko mililita 1 inavutwa kwa bomba la mililita 1, basi. Anayevuta anataja kwa sauti jina la dawa, uzito na mililita; mwenzake anaangalia bomba, anarudia namba. Ni sekunde kumi. Daktari mkuu akiliruka zoezi hilo mara mbili kwa sababu "ana uzoefu", limekufa. Akilifanya yeye mwenyewe kila mara, hata kwa dawa ya minyoo, wengine watalifanya bila kuambiwa.

Mapokezi nao wanahusika. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrin ikipakwa paka inaweza kumuua, na paracetamol, hata kipande cha kidonge, ni sumu kwa paka. Yeyote anayeuza kaunta afundishwe kuuliza swali moja kabla ya kupokea pesa: "Nyumbani kuna paka?"

Kosa likitokea, liongelewe siku hiyohiyo, milango imefungwa, na maswali yawe ya kazi: dawa gani, nani alivuta, nani alihakiki, foleni ilikuwaje, mwanga ulitosha, lebo ilisomeka? Daftari la makosa lisiandikwe majina ya watu. Mwisho wa mwezi mkilipitia mtaona mtindo. Makosa mengi yakiangukia saa 11 jioni, kutoa mtu karipio hakutasaidia. Panga zamu upya. Mteja naye aambiwe ukweli na daktari, uso kwa uso, kabla hajausikia kwingine.

Meno ya mbwa na mikono ya watu wako

Kiongozi anayemtuma kijana kumshika mbwa asiyejulikana kabla kijana huyo hajachanjwa kichaa anacheza na roho ya mtu. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 unatosheka na dozi mbili za kinga kabla ya kuumwa, siku ya 0 na siku ya 7. Gharama hiyo ilipwe na kliniki, siyo ikatwe kwenye mshahara. Aliyechanjwa hivyo akiumwa bado ataenda hospitali kwa dozi mbili zaidi, siku ya 0 na ya 3.

Sinki moja liwe na sabuni muda wote na bango: osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15. Wekeni saa hapo, kwa sababu dakika 15 ni ndefu na watu huishia kwenye mbili. Aliyeumwa aache kazi aende, na mtu aende naye. Mbwa au paka aliyeng'ata, akiwa hai na anaweza kufungiwa, aangaliwe siku 10. Eneo letu linahitaji angalau asilimia 70 ya mbwa wachanjwe ili mnyororo ukatike, na lengo la dunia ni kumaliza vifo vya watu vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo 2030. Kliniki inayotoa siku moja kila 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kuchanja mbwa wa mtaa inafanya kazi ya maana kuliko tangazo lolote.

WhatsApp ya usiku

Huu ndio mzigo mpya kuliko yote. Ujumbe wa sauti saa tano usiku, video ya mbwa anayekohoa, na msaidizi anayejibu kwa simu yake binafsi akiwa kitandani. Baada ya miezi michache amechoka, na kuna dozi zimetolewa kwa mnyama ambaye hakuna aliyemgusa.

Kliniki iwe na simu yake, yenye saa zake, na zamu ya usiku inayolipwa. Kwa simu hiyo kazi ni moja: kuamua aje sasa au asubiri asubuhi. Dozi haitolewi. Mbwa mwenye tumbo lililovimba anayejaribu kutapika bila kutoa kitu, aje sasa. Fizi nyeupe, aje sasa. Paka dume anayeingia na kutoka kwenye mchanga wake, anajikamua na hatoi mkojo, aje sasa hivi. Wenye paka wengi hudhani amefunga choo, na kufika asubuhi figo zimeshaumia. Mbwa mdogo ambaye hajamaliza chanjo, anatapika na kuhara damu, aje, lakini abaki ndani ya gari au kwenye boksi mpaka daktari atoke nje kumtazama.

Huyo wa mwisho anastahili nidhamu yake. Huenda ana parvo, ugonjwa wa virusi unaowaharisha damu mbwa wadogo. Kirusi chake hukaa sakafuni miezi, na sabuni nyingi za kunukia hazikigusi. Osha uchafu kwanza mpaka uishe, kwa kuwa klorini hufa kwenye kinyesi, ndipo upake. Soma lebo: Jik au dawa nyingine yenye klorini asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa maji vipimo 19, iache ikiwa mbichi dakika 10. Ichanganywe siku hiyohiyo. Iliyolala kwenye ndoo tangu juzi ni maji tu. Na mwambieni mwenye mbwa mdogo wazi kwamba chanjo huendelea kila wiki 3 hadi 4 mpaka afikishe wiki 16, kwani kinga ya maziwa ya mama huzima zile za mwanzo.

Mbwa wa pua bapa, bulldog na pug, hupumua kwa shida, na bado wanazidi kununuliwa licha ya joto letu la pwani. Mapokezi wawe na amri ya kuwaingiza kivulini bila kungoja foleni. Na baada ya nusukaputi mpira wa kupumulia ulio kooni usitolewe mapema: ngojeni mpaka ameinua kichwa na anameza mwenyewe, na mtu asimwache.

Nani afanye nini, na kwa malipo gani

Sheria ya Veterinari ya Tanzania ya 2003 na ile ya Kenya ya 2011 zinatenganisha daktari aliyesajiliwa na mtaalamu msaidizi. Daktari akienda shambani kwa ng'ombe na kumwachia msaidizi kufunga kizazi cha mbwa jike peke yake, amemtwika jukumu asilolipwa na ambalo mbwa akivuja damu litamwangukia yeye. Andikeni orodha: msaidizi anaweza kuweka kanula (mrija mdogo wa kwenye mshipa), kuchanja akisimamiwa, kusoma kinyesi kwenye hadubini, kumwangalia mnyama aliye kwenye nusukaputi. Kufungua tumbo ni kwa daktari. Kisha mfundisheni kila kilichomo upande wake mpaka awe hodari kukushinda, na mshahara upande naye.

Kwa Tanzania, sheria ya ajira inaweka saa 45 kwa wiki na 9 kwa siku, na za ziada zinalipwa mara moja na nusu. Kliniki nyingi hazihesabu. Hesabuni. Bei nayo isizungumzwe na msaidizi: daktari aandike makadirio ya chini na ya juu kabla ya kulaza mnyama, mteja asaini. Ugomvi wa pesa mbele ya mbwa anayekufa ndio unaowavunja moyo vijana, kuliko kifo chenyewe. Siku yenye wanyama wa kupumzishwa, yaani kuuawa kwa dawa wasiteseke, asipangwe mtu mmoja kuwashika wote, na baada ya hapo apewe dakika kumi za kukaa nje.

Mteja akidai antibiotiki kwa kuhara kwa siku moja, msaidizi awe na karatasi ya kliniki ya kumwonyesha inayosema hatutoi bila sababu. Akiachwa ajitetee peke yake, atatoa.

Kukabidhiana zamu kufanyike mbele ya kizimba, mkiwa mmesimama, wote wawili wakimtazama mnyama. Ubao uwe na jina, uzito, dripu, mara ya mwisho kula, mara ya mwisho kukojoa, na nani amempigia mwenye mnyama leo. Mbwa wa kilo 10 mwenye dripu ya kawaida ya mililita 600 kwa siku anahitaji matone 8 kwa dakika kwenye mpira wa matone 20 kwa mililita. Anayeingia zamu ahesabu matone yeye mwenyewe dakika nzima, aguse mguu wenye kanula kuona kama umevimba, ndipo asaini na mwenzake aende nyumbani.