Maswali yenu: homa, pepopunda na jino la mbwa

*Nikiwa na homa kali mwili unachemka, mbona natetemeka kwa baridi?*

Chembe nyeupe za damu zikikutana na vijidudu hutoa kemikali zinazofikisha habari kwenye ubongo. Ubongo nao hupandisha kiwango cha joto unachokitaka, tuseme kutoka nyuzi 37 hadi 39. Mpaka mwili ufike huko, 37 yako unaiona baridi, na misuli inatetemeka ili izalishe joto.

*Niliwahi kuugua pepopunda nikapona. Chanjo ya nini tena?*

Uchomwe. Sumu ya pepopunda ni kali kiasi kwamba chembe kidogo tu inakulaza, na kidogo hicho hakitoshi kuifundisha kinga ya mwili. Unaweza kuugua mara ya pili.

*Mwanangu aling'atwa mguuni na mbwa asiyejulikana wiki tatu zilizopita. Kidonda kimefunga, anacheza vizuri. Bado apelekwe hospitali?*

Mama, mpeleke leo. Kidonda kufunga hakumaanishi chochote hapa. Virusi vya kichaa cha mbwa huingia kwenye mshipa wa fahamu na kupanda polepole kuelekea kwenye ubongo. Humo ndani askari wa mwili hawavioni vizuri, ndiyo maana mtoto hana homa wala maumivu. Mara nyingi dalili hutokea baada ya miezi miwili au mitatu, na zikishatokea, karibu kila mgonjwa hufariki. Naomba usingoje hata kesho.

Lakini mwendo huo wa polepole ndio nafasi yenu. Chanjo huufundisha mwili kutengeneza kingamwili, yaani protini za kupambana na virusi, kabla virusi havijafika juu. Mwaka 1885 jijini Paris, mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur alimtibu hivyo Joseph Meister, mtoto wa miaka 9, siku mbili baada ya kung'atwa, naye akaishi hadi utu uzima. Daktari anaweza pia kumchoma mwanao kingamwili zilizokwisha tengenezwa, palepale kwenye jeraha.

Na ninyi wengine, mtoto aking'atwa, mwekeni mguu chini ya bomba papo hapo. Sabuni ya kufulia inatosha. Sugueni taratibu mpaka ndani ya tundu la jino, maji yakitiririka, dakika 15 kamili kwa saa ya ukutani, hata akilia. Msipake majivu wala mafuta ya taa. Kisha hospitali, siku hiyohiyo.